Mama Hatoki Chumba cha Wageni

Baba Nigina,

Nakwenda zamu hospitali. Uji wa mchele wa mama yako uko jikoni. Usiutie mafuta ya mkia wa kondoo, hata akibembeleza. Akitoka chooni mpe maji ya vuguvugu na mafuta ya kujipaka. Wala usimuulize, "Tena?" Utumbo una vidonda, hafanyi makusudi.

~~Samahani kwa kukufokea asubuhi.~~ Hapana, siombi radhi! Ati nimekuaibisha kumhamishia mama chumba cha wageni. Mlango wa chumba hicho si ndio unaotazamana na choo? Ulitaka aendelee kuvuka ua kwenye theluji, akijichafua njiani, huku magodoro ya hariri yakingoja wageni wa kutoka Samarkand?

Wakifika, wakalishe jikoni. Waambie mgeni wa heshima keshaingia.

Mama Nigina