Asumini ya Saa Kumi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako, na za wifi yako, aliyeinua uso kwenye cherehani kunikumbusha nisimsahau. Goti linasemaje? Uliandika kwamba sasa unapanda ngazi kwa kuzihesabu. Basi tuko sawa, maana mimi nazihesabu hata nikishuka. Kwa jumla hatujambo. Kifua kimetulia tangu mvua ziishe, na macho bado yananitosha kwa kurasa chache kabla ya chakula cha mchana.

Tumefurahi kusikia umehamia nyumba yako mwenyewe. Baada ya miaka yote ya vyumba vya kupanga, hatimaye una ukuta unaoweza kuupigilia msumari bila kuomba ruhusa ya mtu.

Bustani yangu ni ile ile: kibaraza cha saruji, hatua kumi na moja, na mikebe ya rangi niliyoitoboa matundu chini. Waridi lilivamiwa na vidukari. Nikaliosha kwa maji ya sabuni, likapona. Mrehani umestawi hadi wifi yako analalamika kwamba kila nguo anayoitundika dirishani inarudi ikinukia kama bibi harusi, na wateja wameanza kumuuliza anatia nini. Mlangilangi, ambao kila mtu alinikataza kuupanda kwenye pipa, umetoa maua matano. Nimeyahesabu mara mbili.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umeniomba vijiti vya asumini ya mama uvipande mlangoni, kwa kuwa ile ya nyumbani iling'olewa pamoja na nyumba, na hii yangu ndiyo pekee iliyobaki duniani. Maneno hayo ya mwisho nimeyasoma siku nne mfululizo. Wifi yako aliponiona nazunguka kibarazani na mkasi mkononi bila kukata kitu, akaniambia kwamba uongo nao ni mmea; huu nimeumwagilia miaka thelathini na minane, nisishangae ukichanua.

Unakumbuka mama alivyokata vijiti vyake: chini mshazari, juu sawa, ili hata anayepanda akiwa amefumba macho asikosee kichwa na miguu. Siku tulipotawanyika, wewe na yeye njia ile, mimi njia hii, alinipa vijiti vitatu katika kitambaa kibichi. Havikuenea kwenye mkebe wa majani ya chai niliokuwa nao. Njiani nikavipunguza kwa wembe, ncha zote mbili, mshazari mtupu, bila kufikiri. Nilipofika nikavipanda, nikangoja wiki sita. Nilipovichimbua, nikaona macho yake yote ya kuchipulia yanatazama chini. Mimi, mwalimu wa sayansi, nilivipanda kichwa chini miguu juu, vyote vitatu.

Ndugu yangu, asumini ya mama ilikufa mwaka ule ule, kwa mkono wangu.

Hii unayoijua niliikata kwenye uzio wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alinikuta na wembe mkononi, akaniuliza kama kwetu wezi huvaa tai. Nikamweleza habari za mama. Kabla sijamaliza, alinishikia tawi nikate. Maua ya kwanza nilimpelekea yeye. Hadi leo anawasimulia wageni kwamba aliposwa kwa maua yake mwenyewe.

Kwa mama niliandika kwamba vijiti vimeshika. Alifariki akijua hivyo. Nawe ulipotutembelea, ukaingiza uso ndani ya maua, ukalia, ukasema yananukia nywele zake, ilikuwa saa kumi alasiri. Ya mama haikufumbuka hata siku moja kabla jua halijatua. Nililijua hilo, nikanyamaza. Wifi yako akasingizia chai inachemka, akaingia ndani.

Nikaripie kwanza, ukichoka unisamehe. Ila usiache kuandika.

Pamoja na barua hii kuna vijiti vitatu katika kitambaa kibichi na nailoni. Si vya mama. Kama bado unavitaka, vichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyokwisha kuoza, uviweke kivulini wiki tatu, maji kidogo kila asubuhi. Hutakosea. Nimevikata chini mshazari, juu sawa.

Wifi yako anakusalimu sana. Anasema kwa miaka yote hii mmemsifia mama mkwe wake kwa asumini hii. Sasa na yeye msifieni kidogo. Funga goti kwa kitambaa cha moto, na usikae kwenye sakafu baridi.

Ni mimi kaka yako,
Mzee wa Mikebe