Siku ya Mfangano

Homa Bay, Jumamosi, Agosti 1995

Akinyi alijua. Rafiki yangu tangu shuleni alijua kila kitu, na bado aliniambia tunaenda Mfangano kupunga upepo tu.

Mwanzoni nilifurahi. Kisiwa hakina gari hata moja. Tulitembea kando ya ziwa tukipiga soga, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu.

Kisha akaniingiza kwenye boma moja. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alikuwa sebuleni na wazee wawili, kuku ameshapikwa. Walikuwa wakiningoja nikubali kurithiwa naye, niwe mke wake kwa mila.

"Usiwaaibishe," Akinyi alininong'oneza. "Utakaa peke yako mpaka lini?"

"Sikubali," niliwaambia wote, nikatoka.

Lakini kisiwani mtu atakimbilia wapi? Nilitembea juani hadi ufuoni kungoja boti ya jioni. Akinyi alinifuata na soda mkononi. Sikuipokea. Tulivuka ziwa nikiwa nimempa mgongo.

Shemeji akirudi nitamkataa tena, hilo halinisumbui. Lakini Akinyi, aliyenishika mkono kaburini...

Kesho kanisani ataniwekea nafasi kando yake, kama kila Jumapili. Nitakaa nyuma kabisa.