Korongo Nyuma ya Nyumba Zetu

Kitengela,
Jumapili jioni

Mayi, mama yangu mpendwa,

Mulembe sana. Kabla sijasema yangu nataka kwanza kujua yako. Goti limetulia? Ile baridi ya asubuhi bado inakusumbua, ama Nanjala amekumbuka kushona blanketi lililoraruka? Najua yeye ndiye anakusomea, kwa hivyo dada, soma polepole na usiruke mahali popote. Simu tunapigiana, ndiyo, lakini masikio ya Mayi na mtandao wa huko havipatani, na haya ninayotaka kusema si ya kupigiwa kelele. Binamu yetu Simiyu anakuja huko matangani kesho, nimemwomba aibebe barua.

Sisi tuko salama. Mkweo Wafula bado anaenda kazini Nairobi kila siku, anatoka kabla ndege hawajaamka. Mimi bado niko Isinya kwenye shamba la maua, upande wa kupakia. Siku nzima nashika waridi zinazoenda kwa watu sitawahi kuwaona, halafu nikirudi nyumbani sina hata jani moja la kijani la kutazama. Huku ni mawe, nyaya, na udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kunasa viatu wakati wa mvua. Mjukuu wako Nafula ameng'oka jino la mbele na anakataa kucheka mbele ya watu.

Sasa Mayi, nataka nikueleze jambo lililotupata, maana limenikaa rohoni na kila nikiliwaza nakuona wewe.

Nyuma ya nyumba tunazopanga kuna korongo. Mvua ikinyesha maji hupita humo, jua likiwaka hubaki shimo refu tupu. Ng'ambo yake ni boma la Naserian, mama Mmaasai ambaye umri wake unakaribia wako, na ndiye alikuwa akituletea maziwa kila asubuhi. Ardhi yote hii ilikuwa malisho ya ukoo wa marehemu mume wake. Imeuzwa kidogo kidogo, nyumba zikaota, na siku hizi ng'ombe wake wanapenya katikati ya nyua zetu wakitafuta nyasi. Gari la taka halifiki huku, kwa hivyo watu walikuwa wamezoea kubeba ndoo na kumwaga korongoni. Maganda ya viazi, nepi za watoto, karatasi za mkate, yote pamoja. Mifuko ya plastiki ilikatazwa zamani, lakini ile ya kale haikuoza, na mingine bado inauzwa kichinichini. Upepo ukivuma unaiona imenasa kwenye miiba kama nguo zilizoanikwa na mtu aliyehama.

Kiangazi kilichopita kilikuwa kibaya. Nyasi ziliisha, na ng'ombe wa Naserian wakaanza kushuka korongoni kutafuta maganda yetu. Alikuwa na mmoja mwekundu aliyeitwa Nanyokie, mwenye mimba, mpole hata watoto wa ploti yetu ya kupanga walikuwa wanamshika pembe. Asubuhi moja Naserian alikuja mikono mitupu. Akaniambia, "Mama Nafula, ng'ombe yangu imekataa kula. Tumbo imesimama kama ngoma."

Daktari wa mifugo alikuja, akapapasa, akatingisha kichwa. Ikabidi achinjwe kabla hajajifia. Nilikuwa nyumbani siku hiyo, nikavuka pamoja na majirani wawili kumpa pole. Mayi, nilikuwepo walipopasua lile tumbo. Walitoa fundo la nailoni kubwa kama mtungi, limejisokota na kamba na nepi. Wakaendelea kuvuta na kuvuta. Ndama alikuwamo, ameshaota manyoya. Naserian alichutama, akamwekea yule ndama mkono juu.

Aliyesema ni shemeji yake, mzee Parsaloi. Alitutazama sisi tuliovuka, na hakupandisha sauti.

"Nyinyi muko na kwenu," alisema. "Mukichafua hapa, Desemba munapanda gari munaenda kwenu kusafi, munakunywa chai na wazazi. Sisi kwetu ni hapa. Tuende wapi?"

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu alikuwa amenisoma. Mwili wangu uko Kitengela na roho iko kwako. Nikifunga macho naona moshi wa jikoni kwako na umande kwenye majani ya nduma. Miaka yote hii sijawahi kuita mahali hapa kwetu. Mimi husema, "huku tunakokaa."

Kesho yake Parsaloi alirundika miiba kwenye njia inayopita shambani kwao, ile tunayotumia kwenda kuchota maji na kufika barabarani. Akasema ataita fundi aizibe kabisa kwa waya. Shamba ni lao, ungebishana naye vipi?

Mutua, mtu wa Machakos anayetunza ploti yetu, akatuita uani. Ilikuwa kelele tupu. "Mimi zangu huchoma!" "Hiyo ni kazi ya kaunti, kwani kodi tunalipa ya nini?" Mmoja akasema ng'ombe wafungwe kwao, kwani lazima watembee? Nilisikia hasira ikipanda, nikasimama. Wafula alinivuta nguo nikae. Sikukaa.

Nikawaambia habari zako, Mayi. Kwamba kwetu Kimilili maganda yalikuwa ya ng'ombe, majivu ya sukuma wiki, na kilichobaki kiliingia shimoni mpaka kikawa udongo wa migomba. Kwamba uliwahi kunirudisha kutoka njiani, nimevaa sare ya shule, niokote ganda moja la ndizi nililotupa mbele ya lango la watu. Nikauliza, "Sisi wote hapa tumetoka mahali. Nani kati yetu alilelewa akimwaga taka mlangoni pa jirani? Tumejifunzia wapi hii?"

Mutua akasema, "Kwetu mama angenichapa mpaka leo nisikalie kiti." Watu wakacheka, na hicho kicheko ndicho kilichotufungua.

Jioni hiyo mimi, Wafula na Mutua tulizunguka kwa njia ndefu hadi kwa Naserian. Parsaloi alikuwepo. Tuliomba msamaha. Wafula akaanza kusema tutachanga tumnunulie ng'ombe mwingine, lakini Naserian akamkatiza.

"Sitaki ng'ombe ya kununuliwa ikuje kufia hapo hapo," alisema. "Nataka nikifungulia hizi zingine asubuhi, roho yangu isiende mbio."

Parsaloi akasema, "Mumeongea. Sasa tutaona." Miiba ikabaki pale pale.

Kupata siku ya kusafisha korongo pia kulikuwa shida. Wasabato hawawezi Jumamosi, sisi wengine Jumapili asubuhi tuko kanisani, basi tukakubaliana Jumapili baada ya chakula. Tulishuka na sepetu, reki na magunia. Harufu, Mayi, sitaki kukuambia. Kila ukivuta mfuko mmoja unakuja na mwingine, na chini yake mwingine, kama vile ardhi yenyewe imeshonwa kwa plastiki. Parsaloi alisimama juu ukingoni akitutazama, fimbo begani. Tulifika mahali pana mfuko mkubwa umebanwa chini ya jiwe, wanaume wawili wamevuta wameshindwa. Nikamwona anaweka fimbo chini. Akashuka, akashika upande wake, akavuta pamoja nao. Ulipotoka wote walianguka chali, yeye pia. Hakucheka, lakini hakurudi juu tena mpaka giza lilipoanza kuingia. Wiki hiyo hiyo miiba iliondolewa.

Siku hizi tuna shimo letu nyuma ya ploti, na pipa la maganda peke yake. Kina mama tunapokezana kuyavusha kwa Naserian, tukiyachambua kwanza kwa vidole kama mchele. Plastiki tunaweka kwenye magunia, na kuna kikundi cha wanawake wa sokoni wanaokuja kuichukua wakauze. Usifikiri tumekuwa malaika. Bado kuna mtu ambaye hatumjui anatupa mfuko korongoni, na Mutua akiuona anashuka kuuokota huku akilaani kwa Kikamba. Wafula, aliyesema hii kazi nimejitafutia, sasa anaosha pakiti zote jikoni na kuzianika kwenye kamba kando ya soksi zake.

Lakini Naserian hakurudi na maziwa. Nikimpelekea maganda anapokea, anasema "ashe", yaani asante, na anaingia ndani. Sikumlaumu. Nilikuwa naacha ndoo na kurudi polepole, nikitumaini ataniita. Nyumba yake ina harufu ya moshi kama jikoni yako, na mara nyingine nilisimama pale nje zaidi ya ilivyohitajika.

Wiki iliyopita mvua ilikuja. Ilinyesha tangu mchana, na tuliposikia mngurumo tukatoka wote, watoto kwa wakubwa, kusimama ukingoni. Zamani maji yakija yalisukuma mlima wa takataka mbele yake hadi zikaziba njia, maji yakaingia nyumba za chini. Safari hii yalipita. Maji ya matope, vijiti, povu, basi. Tulitazama maji tu.

Naserian alikuwa amesimama ng'ambo, shuka kichwani. Akaniona. Akaita juu ya sauti ya maji, "Mama Nafula! Takwenya!" Hivyo ndivyo wanavyosalimu mwanamke, na mimi nikajibu kwa nguvu zangu zote, "Iko!" Akapaza sauti tena, "Kesho lete chupa!"

Nilifurahi, Mayi, na papo hapo nikalia, maana mtu niliyetaka kumgeukia nimwambie, "Umesikia?" alikuwa wewe.

Nisalimie baba mdogo Wanyonyi anayekuchungia ng'ombe, na mwambie asimfunge karibu na takataka za soko siku ya mnada. Nisalimie bibi yetu, kukhu, umshike mkono kwa niaba yangu maana najua salamu za mdomo hazitaki. Msalimie shangazi Nasimiyu wa kwaya, na wewe Nanjala, msomaji wetu, Mungu akubariki.

Jambo la mwisho. Kila mara ukisema unataka kuja kututembelea nilikuwa natafuta sababu: nyumba ni ndogo, vumbi ni jingi, safari ni ndefu. Usiningoje Desemba. Simiyu anarudi huku baada ya mazishi, njoo naye. Nitakutandikia upande wa dirisha, na asubuhi tutatoka mimi na wewe nikuonyeshe ninakoishi. Sasa sioni aibu.

Ni mimi mtoto wako ninayetamani kukuona,
Nekesa