Kiwanda cha Ngazi Kinatafuta Cheti

Jumatatu, 4 Machi

Bosi amerudi kutoka semina na ugonjwa mpya. Ubora! Mwaka juzi ulikuwa ugonjwa wa kamera, kabla yake ugonjwa wa maua ya plastiki mapokezini. Sasa kampuni nzima lazima ipate cheti cha usimamizi wa ubora, maana bila cheti haturuhusiwi kuomba tenda ya kampuni ya umeme. Sisi tunatengeneza ngazi. Ngazi! Ama inakubeba ama inakuangusha. Cheti cha nini?

Nami nimeteuliwa kuwa Mwakilishi wa Wateja ndani ya Mfumo wa Ubora. Yaani kazi ileile ya kupokea simu za wanaofoka, ila jina limerefuka.

Jumatano, 6 Machi

Mshauri ameanza. Suti ya kubana, viatu vya ncha kali, unaweza kuchokonolea meno. Neno lake ni "mchakato". Kununua ni mchakato, kuuza ni mchakato, nadhani hata kwenda chooni. Asubuhi nzima anachora vishale ubaoni — kinatoka kwa mteja, kinazunguka, kinarudi kwa mteja. Fundi mkuu alisinzia hadi kalamu ikamdondoka. Bosi anaitikia kwa kichwa kila kishale, kama yuko kwenye mahubiri.

Nikamuuliza Mshauri kama amewahi kupanda ngazi. Akacheka, akasema ni swali zuri sana. Akachora kishale kingine.

Jumanne, 19 Machi

Mabango kila ukuta. SERA YA UBORA, fremu ya dhahabu, hata mlangoni mwa choo cha wanawake. Lazima tuikariri. Mlinzi anaisema kwa sauti huku akifungua geti, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau. Mama wa usafi kaninong'oneza: "Eti mteja ndiye moyo wetu. Sasa dada, mapafu nani?" Nilicheka mpaka machozi.

Alhamisi, 11 Aprili

Sicheki leo.

Kikaoni fundi mkuu alinyanyuka — mtu asiyefungua mdomo mwaka mzima — akasema ribiti mpya, misumari ya kufungia vipago vya kukanyagia, ni laini. Unakanyaga kipago mara kadhaa, kinaanza kucheza. Ribiti hizo zinaletwa na mpwa wa Bosi. Mshauri akachangamka: naam, ndiyo maana Mfumo unataka kila anayetuuzia vifaa achunguzwe! Bosi akamtazama. Akamtazama tu. Mshauri akameza mate, akasema basi tuliweke chini ya "fursa za kuboresha". Likawekwa. Limezikwa hapo.

Na fundi mkuu, mabega yote yale! Akasema "sawa", akakaa. Nimemdharau kuliko Mshauri. Mshauri angalau analipwa ili awe hivyo.

Ijumaa, 3 Mei

Simu, saa za mchana. Mwanamke. Mumewe ni mpaka rangi. Kipago kimechomoka akiwa juu, ameanguka, mguu umevunjika sehemu mbili. Ngazi yetu. Mpya.

Hakufoka. Anayefoka nina dawa yake. Huyu aliuliza tu, taratibu: "Hii ngazi niitupe wapi, dada? Nisije nikamwachia mtu mwingine akaipanda."

Nikaahidi tutampigia. Nikaenda kwa Bosi, Bosi akamwita Mshauri, na Mshauri akaniuliza kama mteja alitamka neno "lalamiko". Nikasema sikumbuki, mguu wa mtu umevunjika. Akasema kama hakulitamka, basi si lalamiko, ni mrejesho. Mrejesho! Mifupa inatoka nje ya ngozi, mrejesho! Na mirejesho, kasema, hatulazimiki kumwonyesha mkaguzi. Wala kumpigia mtu simu kabla ukaguzi haujapita.

Unajua nilijibu nini? "Sawa." Mimi na mdomo wangu wote huu.

Jumapili, 12 Mei

Nimemsimulia Baba Watoto. Alikuwa anakata kucha za miguu. "Hiyo ribiti uliifunga wewe?" Hapana. "Basi." Akahamia kidole kingine. Tangu biashara yake ya vipuri ilale, amekuwa na busara ya ajabu kuhusu ajira yangu.

Alasiri akatoa ngazi azibue mfereji wa paa. Ni ya kwetu kiwandani, ya mwaka huu, tuligawiwa wafanyakazi. Nikamwambia akaazime ya jirani.

Akanitazama sana. Akaenda kuazima.

Jumatatu, 20 Mei

Mkaguzi amefika! Tulitarajia bwana mwenye kitambi, Bosi alishaagiza kuku. Amekuja mama mfupi, viatu bapa, hataki hata soda. Ribiti za mpwa zimehamia kwenye buti ya gari la Bosi. Za zamani zimepangwa mezani kama vyombo vya wageni. Mlinzi aliombwa aseme Sera, akaimaliza bila kupumua. Mkaguzi akauliza: "Na maana yake?" Maskini — akaanza upya tangu mwanzo.

Akanigeukia mimi. Wateja wenu wanalalamikia nini? Mshauri akanijibia: mwaka huu hakuna lalamiko hata moja! Anatabasamu kama aliyemzaa mtoto mwenyewe. Mkaguzi hakutabasamu. Akasema kesho atakaa na mimi.

Jumanne, 21 Mei

Naandikia chumbani mwa chai, nimesimama, birika liko motoni. Mwandiko wa kuku.

Mpaka rangi amekuja. Mwenyewe, kwa magongo, shati limepigwa pasi. Ameketi mapokezini kwa adabu, mguu wa plasta ameunyoosha chini ya lile bango la Sera. "Mlisema mtapiga simu, dada. Nikajua mna shughuli nyingi." Bila kejeli! Afadhali angenitukana.

Bosi akanipigia kutoka karakana, anaongea kwa meno: mtoe kwa nyuma, haraka, mkaguzi yuko hapa.

Nikamtoa. Ua wa nyuma una matope na vyuma chakavu, magongo yanazama. Katikati akasimama kuvuta pumzi. "Kwani mimi nimekuja kuiba?" Na hapo mlango wa karakana ukafunguka — mkaguzi mbele, Bosi na Mshauri nyuma yake.

"Pole, baba. Umepatwa na nini?" mkaguzi akauliza.

Mpaka rangi alinigeukia mimi, akangoja. Nyuma ya mkaguzi Bosi anatikisa kichwa polepole: usithubutu. Mshauri akawahi: "Ni ndugu wa mfanyakazi wetu mmoja, amekuja ku—"

"Ni mteja wetu," nikasema. "Ameanguka na ngazi yetu."

Mkaguzi akamshika mpaka rangi kiwiko, akasema twendeni tukakae ndani. Kisha akaniambia: wewe mama, tuletee chai, vikombe vitatu, nawe uje ukae.

Vikombe vitatu. Bosi amehesabu pia, kwa sababu amenifuata huku. Ananiita dada. Miaka yote nilikuwa "wewe". Anataka kujua kama nitataja ribiti. Anasema tafadhali — hilo neno mdomoni mwake limekaa kama kiatu cha kuazima. Anasema bila tenda kiwanda kitafungwa, nifikirie wenzangu, nifikirie watoto wangu, na mume wangu ambaye kila mtu anajua hana kazi. Ndiyo, nawafikiria wote. Amekosea nini hapo? Hajakosea. Hilo ndilo linaloniudhi.

Anauliza naandika nini. Naendelea kuandika.

Maji yamechemka. Bado amesimama katikati ya mlango, na trei ni pana. Itabidi anipishe.