Mlango Uliommeza Mama

Jumatatu, 4 Machi

Tumepiga kura. Mkono mmoja tu ulikataa — wangu. Kikundi chetu cha maigizo sasa ni "mshirika" wa chuo kikuu. Wao watatuezekea ukumbi, wanafunzi wao wataigiza nasi, jina letu litakaa chini ya lao kwenye mabango. Paa sina ugomvi nalo. Tumechoka kuigiza katikati ya ndoo za kukingia mvua. Ugomvi wangu ni na kipengele kimoja: onyesho likiisha, kila mtu atajaza dodoso kwenye simu. Dodoso! Na kuanikana je?

Niliuliza hivyohivyo, kwa sauti. Mratibu wa chuo, binti mwenye miwani mikubwa na adabu zisizo na mwisho, akasema desturi za kikundi zitaenziwa kama urithi. Yaani zimeshakufa, zinatafutiwa kabati. Kisha akanishukuru kwa mchango wangu.

Sikuja kuchangia. Nilikuja kupigana.

Jumatano, 6 Machi

Makala imekwenda gazetini. Nimeeleza kuanikana ni nini, kwa wasiojua. Watazamaji wakishatoka, tunakaa sakafuni palepale jukwaani, bila viti, na kila mtu anaanikwa makosa yake. Wewe ulikuwa unaigiza na kioo, si na mwenzako. Wewe taa zako zilimfanya bi harusi aonekane maiti. "Samahani" ni marufuku. Aliyeanikwa sharti ajibu, na hakuna kuondoka kabla hajajibu.

Neno la kwanza huwa langu. Ndiyo maana wananiita Pilipili. Neno la pili huwa la Fundi, seremala wa jukwaa, ambaye tangu tukiwa vijana hajawahi kunikubalia hata hali ya hewa. Nusu ya vitabu vilivyo kabatini nilivisoma ili nimshinde yeye. Alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, anatoa penseli sikioni, ananielekezea: "We Pilipili, ngoja nikwambie." Basi hapo tumefika alfajiri!

Hili la Fundi sikuliandika gazetini.

Alhamisi, 7 Machi

Makala imetoka, ukurasa mzima. Nimewaita wauza marashi, wapaka rangi makaburi, na mengine. Kufikia saa sita chuo kimejibu: karibu chakula cha mchana, tuendeleze mazungumzo! Nimewachapa, wananipakulia.

Mdogo wangu kapiga simu. Dada, leo umegombana na nani? Nikamwambia hakuna anayetaka. Akauliza: "Unaumwa?"

Jumapili, 10 Machi

Nimegombana na redio. Haikusikia.

Nyumba imenyamaza mno. Nilipika, nikala nimesimama. Watu wanadhani mimi napenda kushinda. Sipendi kushinda. Ukishinda, mazungumzo yamekwisha, kila mtu anachukua mkoba wake. Nilichokuwa nakipenda ni kujibiwa. Mtu hawezi kukujibu bila kukusikiliza kwanza — na mimi sina mahali pengine ninaposikilizwa. Sakafu ile tu.

Jumatano, 13 Machi

Nilikwenda kuwaona mazoezini. Fundi ametengeneza seti kwenye karakana ya chuo, mbao mpya, bawaba zinang'aa. Ila mlango! Unafungukia ndani, kuelekea kwa watazamaji. Mama wa mchezo anaingia na habari ya msiba, na ubao wote unamkinga. Tunaona viatu vyake tu.

Nikamwambia mbele ya wote: "Fundi, mlango wako unammeza mama."

Nilishajiweka sawa kupokea. Akamtazama mratibu. Akanitazama mimi.

"Asante, dada. Tutalizingatia."

Tutalizingatia! Na hiyo "dada" — mimi dada yake tangu lini? Wanafunzi wakaitikia kwa vichwa, kwa upole, mratibu akaandika kitu. Nikatoka nje. Ndoo zetu zimepangwa ukutani, zimeingiana, kavu. Nikasimama nazo kwa muda, mpumbavu mimi. Ningetukanwa ningelala vizuri.

Jumamosi, 16 Machi

Onyesho la alasiri. Mvua imenyesha, paa halikudondosha hata tone. Nakiri. Mlango ukafunguka, ukammeza mama, watu wakapiga makofi. Kisha vichwa vyote vikainama kwenye simu, kujaza. Ukumbi mzima, hakuna aliyemtazama jirani yake. Wakaondoka.

Mimi nikapanda jukwaani, nikakaa sakafuni. Mratibu akaja mbio: "Mama, umeangusha kitu?"

"Nangoja."

"Unangoja nani?"

Fundi alikuwa ameingia na bisibisi, anaanza kufungua seti. Nikasema, sauti ikafika viti vya nyuma: "Mlango wako umemmeza mama! Msiba umeletwa na viatu!"

Akaendelea na skrubu. Akasema, bila kugeuka, kwamba maoni yake ameshayajaza kwenye dodoso.

"Dodoso sijalisoma. Aliyeanikwa hujibu."

Bisibisi ikasimama. Akaufungua mlango wake. Akaufunga. Akapita nyuma, akaufungua tena kama vile yeye ndiye mama, akabaki huko. Nikaona viatu vyake.

Naandika haya nimekaa palepale, daftari magotini, maana mikono inatafuta kazi. Mratibu ameuliza kama azime taa. Amebaki na kidole kwenye swichi, anatutazama kwa zamu.

Fundi ametoka nyuma ya mlango. Amekaa — sakafuni, magoti yamelia — lakini amenipa mgongo. Anautazama mlango. Mkono wake umekwenda sikioni, umeikuta penseli, umeiacha.

"We Pilipili," amesema. Basi. Hajaongeza.

Mgongo unapanda na kushuka. Sitamsaidia. Siondoki kabla hajajibu.