Niliyesimama Chumbani kwa Daktari

Jumatatu, 22 Januari 1912 (2 Mfunguo Tano)
Daktari wa Kijerumani amefika Chole. Leo wanawake kumi na mmoja walikwenda bomani, wote wakarudi bila kupimwa. Mlango unafungwa, ndani wamo yeye na Muhidini, mkalimani wake. Wanaume wawili! Nani atavua kanga hapo?
Kidawa naye karudi. Ana jipu kwenye ziwa la kushoto, homa siku ya sita. Mumewe, Shamte, kasema heri afe na sitara yake. Nikamwuliza, na mtoto utamnyonyesha wewe? 

Jumanne, 23 Januari
Nimekwenda bomani mwenyewe, sikuitwa. Mimi Mwanaheri binti Hilal, mkunga mwaka wa ishirini huu. Nikasema: kila mwanamke akiingia, nami nimo. Nitasimama kichwani pake. Kanga nitaifunua mimi, pale penye ugonjwa tu. Muhidini atazame ukutani.
Daktari kasema chumba kidogo, nitamzibia mwanga. Basi asogeze meza, nikamjibu. Muhidini alisitasita kulitafsiri hilo, nadhani alililainisha.  Daktari akaisogeza.

Jumatano, 24 Januari
Tisa wamepimwa. Mize alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.
Huyo Mize alikuja kwa maumivu ya goti. Daktari akataka kufika kifuani. Nikaweka kiganja changu juu ya kanga, nikauliza kwa nini. Alikasirika, masikio yakawa mekundu. Lakini akaeleza: anataka kusikiliza moyo. Nikamwuliza Mize, akaridhia, ndipo nikafunua. Wa mwisho alipoingia, daktari aliniuliza kabla hajagusa.
Njiani Shamte kaniamkia, "Shikamoo, Bi Mwanaheri." Jana alinipita kama hakuniona. Marahaba, nikamwitikia, mlete mkeo.
Nilijiapiza nisijivune. Najivuna.

Alhamisi, 25 Januari
Bomani, barazani. Daftari nimekuja nalo kikapuni.
Shamte kamleta Kidawa, kambeba mgongoni. Daktari asema jipu lipasuliwe leo hii, usaha ukiingia damuni hatapona. Atamnusisha dawa ya usingizi. Na wakati wa kupasua watu wote watoke, hata mimi.
Kidawa alale hajitambui, na wanaume wawili, mlango umefungwa — hapana.
Muhidini akaniambia taratibu, "Anaogopa utazimia ukiona damu, Bibi." Nikacheka. Mwambie, nikamjibu, hii mikono imepokea nusu ya watoto wa kisiwa hiki.
Shamte akasema, "Bi Mwanaheri akitoka, nami namchukua mke wangu."  Anajua akimchukua atamzika.
Nami najua. Nimeogopa, naandika kweli. Nikishikilia neno langu, huenda nikamwua. Nikamwinamia Kidawa nikamwuliza mwenyewe. Midomo imekauka, akasema, "Usitoke, Bibi."
Basi sitoki.
Daktari yuko uani anavuta kiko; Muhidini kamfikishia maneno yetu. Visu vimo ndani ya maji yanayochemka, navisikia vikigongana.
Muhidini anakuja na beseni la maji na kipande cha sabuni. Ameliweka mbele yangu. Asema daktari kaagiza ninawe mpaka viwikoni, upesi —