Mtani wa Baba

Chuno, Mtwara

Kaka Hashimu,

Asalaam aleikum. Shufaa anaota meno na hatulali, kwa hiyo usiutazame mwandiko.

Baba amepimwa jana. Mara ya kwanza, unakumbuka, alishuka kitandani kwa aibu akavaa kanzu akaondoka, ule mrija wa kumulika kibofu haujamgusa, na damu kwenye mkojo ikaendelea. Safari hii nilijiapiza hatoroki. Nikakaa nje ya pazia, mtoto mgongoni.

Akaingia nesi mtu mzima, Mama Komba. Akamweleza kwamba anamtia dawa ya ganzi, wasubiri ishike. Nikasikia Baba anaulizia kanzu yake.

"Mzee, kabila gani?"

"Myao."

"Kumbe mtani! Babu zangu Wangoni waliwakimbiza ninyi. Leo umevua suruali mwenyewe, utakimbilia wapi?"

Nikaziba uso. Kaka, Baba akacheka!

"Hatukukimbia. Tuliwapisha, mlikuwa mnanuka."

Wakaendelea kutupiana maneno, mama yule akichomeka katikati, "Vuta pumzi, mtani, legeza tumbo," mpaka daktari aliyeshika mrija akasema wamemaliza.

"Mmemaliza nini?" Baba akauliza.

Mpaka sasa nimeduwaa. Ganzi naijua, hata mimi nilichomwa nilipojifungua. Lakini ile aibu ya Baba, Mama Komba aliitoa kwa dawa gani?

Wameona kauvimbe kibofuni. Watakatoa Jumatatu. Nilijua atakataa, ila kwenye bajaji akasema, "Nitarudi. Mngoni hawezi kubaki na neno la mwisho."

Uje, Kaka. Simu haimshiki mtu mkono.

Mdogo wako,
Mwanahawa